Siku za Mgeni Zikikaribia Kwisha: Somo la Safari ya Gari Hadi Lunga Lunga

Kila msimu wa wageni, madereva wa Ukunda na Diani huulizwa swali lile lile: "Utanipeleka mpakani na kunirudisha kwa pesa ngapi?" Anayeuliza ni mtalii aliyepewa siku 90, naye amesikia kwa wenzake kwamba akivuka kuingia Tanzania na kurudi atagongewa mhuri mpya na kupata siku 90 nyingine. Dereva hupiga hesabu ya mafuta, mwenye nyumba hufurahi kwamba mpangaji hatahama, na alfajiri ya pili gari linashika barabara.

Mara nyingine mambo huenda vyema. Mara nyingine mgeni hukwama mpakani na begi dogo la safari ya siku moja, nguo zake zote zikiwa Diani, na dereva hajui kama atalipwa au la. Somo hili linaeleza tofauti hiyo inatoka wapi. Limeandikwa kwa ajili ya mkazi wa kaunti: dereva wa teksi, mwenye nyumba ya kupangisha, msimamizi wa vila, na familia iliyo na mkwe au mchumba kutoka ng'ambo. Mara nyingi mgeni hujua kile tu alichoambiwa na mgeni mwenzake, na wewe ndiye utakayekuwa naye barabarani.

Neno moja kwanza. Uhamiaji na uraia ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Hakuna afisa wa kaunti, wa wadi wala wa kijiji anayeweza kumwongezea mgeni hata siku moja. Ukiona mtu anaomba pesa kwa kazi hiyo akitaja jina la kaunti, jua hapo hakuna huduma, kuna wizi.

Kinachotoa siku ni ruhusa ya kuingia

Watu wengi huchanganya vitu viwili. Cha kwanza ni idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ile inayojulikana kama eTA, iliyochukua nafasi ya viza kuanzia Januari 2024. Hii huombwa kwenye mtandao kabla ya safari, katika tovuti ya serikali ya etakenya.go.ke, na ada yake ya kawaida ni dola 30 za Marekani kabla ya gharama za malipo. Kazi yake ni kumwezesha mgeni kufika mlangoni. Cha pili ni ruhusa ya kukaa, ambayo afisa wa uhamiaji humpa mgeni akishafika mlangoni: humtazama, humwuliza maswali, kisha humgongea mhuri na kumpa idadi ya siku. Kwa mtalii idadi hiyo kwa kawaida haizidi 90.

Ukielewa tofauti hiyo, utaona kwa nini safari yenyewe haina nguvu ya kuongeza siku. Gari likienda hadi Tanga na kurudi, kilichobadilika ni kipimo cha mafuta. Siku mpya hupatikana tu ikiwa afisa wa Lunga Lunga, mgeni anaporudi, ameamua kumpokea kama mtu anayeingia upya, mwenye idhini mpya na sababu inayoeleweka. Uamuzi huo ni wake kisheria. Anaweza kutoa siku 90, anaweza kutoa pungufu, na anaweza kumkatalia kabisa. Kufanikiwa kwa jirani mwezi uliopita hakumfungi afisa wa leo.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa zaidi. Tangu enzi za viza kulikuwa na utaratibu kwamba mgeni mwenye viza ya kuingia mara moja, akivuka kwenda Tanzania au Uganda na kurudi kabla siku zake hazijaisha, aliweza kurudi kwa viza ile ile bila kulipa tena. Wageni wengi waliufurahia utaratibu huo bila kuona upande wake wa pili. Anayerudi kwa ruhusa ile ile anarudi pia kwa hesabu ile ile. Aliyetoka siku ya 85 hurudi akiwa na siku chache zilizobaki, hata kama amelala Tanga. Ikiwa nia ya mgeni ni kuanza hesabu upya, ahakikishe kabla ya kuondoka kwamba ana eTA mpya mkononi, na asimwachie dereva amwulizie afisa dirishani.

eTA nayo haipatikani papo kwa papo. Serikali inashauri iombwe angalau siku 3 za kazi kabla ya safari. Wapo wanaojibiwa mapema, lakini anayeanza kuijaza kwenye simu akiwa amekaa kwenye benchi la mpakani amejiweka mwenyewe katika hatari ya kulala Tanzania asipopanga kulala.

Wapo pia wageni waliokuja na Viza ya Watalii ya Afrika Mashariki, ile ya dola 100 inayowaruhusu kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Tanzania haimo. Mwenye viza hiyo akivuka Horohoro ametoka nje ya eneo la viza yake, na hawezi kutegemea kurudi kwayo. Dereva akiuliza swali hili moja kabla ya safari ("Umeingia kwa karatasi gani?") atamwokoa mgeni wake na gharama kubwa.

Kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki mambo ni tofauti kabisa. Wao hawahitaji eTA na hupewa hadi miezi sita bila malipo. Tangu 2025 raia wa nchi nyingine nyingi za Afrika nao waliondolewa sharti la eTA, ingawa siku zao za kukaa zina kikomo na mhuri wao lazima usomwe vizuri.

Hesabu ya siku

Siku 90 si miezi mitatu. Kosa hili dogo limewaingiza wageni wengi katika taabu, kwa hiyo tulifanyie kazi kwa mfano.

Tuseme mgeni aliingia nchini tarehe 6 Januari 2026 na kupewa siku 90. Akihesabu kwa miezi atasema muda wake unaisha tarehe 6 Aprili. Sasa hesabu kwa siku, ukiichukua siku ya kuingia kuwa ya kwanza, kwani hiyo ndiyo njia iliyo salama. Januari ina siku 26 kuanzia tarehe 6 hadi 31. Ongeza 28 za Februari, unapata 54. Ongeza 31 za Machi, unapata 85. Zimebaki tano. Siku yake ya mwisho ni tarehe 5 Aprili.

Tazama kalenda ya mwaka huo. Tarehe 5 Aprili 2026 ni Jumapili ya Pasaka. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, na Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, zote sikukuu za umma. Maana yake ni kwamba siku ya mwisho ambayo ofisi iko wazi ni Alhamisi tarehe 2. Mgeni aliyekuwa na uhakika wa tarehe 6 amekwisha kuchelewa kabla hajaanza kufikiri. Na ndiyo maana barabara ya Lunga Lunga hujaa watu wenye wasiwasi karibu na sikukuu.

Mwenye nyumba anaweza kusaidia hapa bila kuwa askari wa mtu. Mpangaji anapoingia, mwombe mtazame pamoja ukurasa wenye mhuri, mhesabu siku, na muandike tarehe ya mwisho kwenye mkataba wa pango. Mkiafikiana kwamba wiki tatu kabla ya tarehe hiyo utamkumbusha, hakuna atakayeona umemwingilia.

Njia ya ofisini, ambayo wengi huiruka

Ajabu ni kwamba watu huendesha zaidi ya kilomita 70 kutoka Ukunda hadi mpakani kutafuta kitu kinachoweza kuombwa bila kutoka nchini. Mgeni ambaye siku zake bado hazijaisha anaweza kuomba kuongezewa muda wa kukaa. Maombi hufanywa kwenye mfumo wa kielektroniki wa huduma za wageni unaosimamiwa na Idara ya Uhamiaji, na kwa sisi wa Pwani ofisi ya mkoa iko Mombasa, katika jengo la Uhuru na Kazi. Mtalii aliyepewa miezi mitatu anaweza kuongezewa hadi jumla ya miezi sita. Baada ya hapo mlango wa utalii umefungwa, na anayetaka kubaki atafute kibali cha aina nyingine.

Maombi haya yanahitaji pasipoti iliyo hai, nakala ya ukurasa wa picha na wa mhuri, na maelezo ya kwa nini mgeni anataka kubaki. Sababu ya kweli inatosha. Kumwuguza mwenzi hospitalini, kungoja harusi, au kupenda bahari na kuwa na pesa za kutosha, zote ni sababu. Afisa anataka kuona kwamba mgeni ana pa kulala, ana uwezo wa kujikimu, na ana nia ya kuondoka. Barua fupi ya mwenye nyumba yenye anwani na nambari ya simu husaidia sana, mradi kila kilichoandikwa ndani yake ni cha kweli.

Aombe mapema. Wiki mbili kabla ya siku ya mwisho si mapema mno. Na akae na risiti ya maombi hadi jibu lije.

Kuna sharti jingine linalosahauliwa: sheria inamtaka mgeni anayekaa nchini mfululizo zaidi ya miezi mitatu ajisajili kama mgeni mkazi. Anayeongezewa muda aulize ofisini hapo hapo kama usajili huo unamhusu.

Tukilinganisha gharama, safari ya mpakani mara nyingi hushindwa. Wageni wengi wasio Waafrika hulipa dola 50 kwa viza ya kawaida ya Tanzania, na raia wa Marekani hulipa dola 100. Weka hapo eTA mpya ya Kenya, mafuta ya kwenda na kurudi, malipo ya dereva, na pengine kitanda cha usiku mmoja. Mtu anayefanya hivyo kwa sababu anataka kuiona Tanga amefanya vyema. Mji ule una mengi, na Mapango ya Amboni yako kando ya barabara hiyo hiyo kabla hujafika mjini. Anayefanya hivyo kwa sababu ya mhuri tu amenunua kwa bei ghali kitu ambacho hana hakika atapewa.

Ukiamua kuvuka na gari

Basi tuseme mgeni ana eTA mpya, ana sababu ya kwenda Tanga, na wewe ndiwe dereva. Karatasi za mgeni zimekamilika. Je, zako?

Wengi wetu hudhani kitambulisho cha kitaifa kinatosha kila mahali katika Jumuiya. Kinatosha kuingia Uganda na Rwanda. Kwa Tanzania unahitaji pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Dereva asiye na kimojawapo atasimama Lunga Lunga amtazame abiria wake akiendelea kwa boda boda.

Pili ni chanjo. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti cha chanjo hiyo kutoka kwa anayetokea huku, mgeni na mwenyeji vilevile. Cheti hakianzi kazi siku ile ile ya kuchanjwa; huanza siku ya kumi. Kikishaanza, ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa kwamba kitaisha baada ya miaka kumi. Kwa hiyo usichanjwe Jumatatu ukapanga kuvuka Jumatano, na usinunue cheti cha vichochoroni. Ugonjwa huu huua, na cheti cha uongo hakimkingi mtu na mbu.

Sasa angalia usichanganye. Madereva husikia "kadi ya manjano" na kudhani wanayo kwa sababu wamechanjwa. Kuna kadi nyingine ya manjano, ile ya bima ya COMESA, ambayo huhusu gari. Bima yako ya kawaida ya Kenya haivuki mpaka. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini inaikubali kadi hiyo ya bima, na hutolewa na kampuni yako ya bima kwa idadi ya siku unazotaka. Ukigonga mbuzi wa mtu Duga Maforoni bila kadi hiyo, utamlipa mwenyewe, na mbuzi ndilo tukio dogo kabisa unaloweza kuliomba.

Forodha nao wana lao. Gari la Kenya linaingia Tanzania kwa kibali cha muda, linalipiwa ada ya barabara ya magari ya kigeni, na linatakiwa kutoka kabla kibali hakijaisha. Beba logibuku halisi. Kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe inayokuruhusu kuvuka nalo, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama gari bado lina mkopo, logibuku iko benki, na benki ndiyo itakayokupa barua. Magari ya kukodi ya kujiendesha mara nyingi hayaruhusiwi kutoka nchini kwa mujibu wa mkataba wake, soma mkataba, usimsikilize mgeni anayekuambia "hakuna atakayejua." Gari la biashara ya watalii lina masharti zaidi kuliko gari la nyumbani, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo aulize mamlaka husika kabla hajachukua arubuni ya mtu.

Kituo chenyewe kinafanya kazi kwa mtindo wa kituo kimoja cha pamoja. Anayetoka Kenya hukamilisha shughuli za nchi zote mbili upande wa Horohoro, na anayerudi huzikamilisha upande wa Lunga Lunga. Vituo hivi viwili haviko ubavu kwa ubavu. Kuna kilomita kadhaa kati yake. Dereva mgeni wa njia hii anaweza kupita majengo ya Lunga Lunga akadhani ametoroka, au akasimama akangoja huduma isiyo hapo. Uliza afisa wa kwanza utakayemwona, usimwulize kijana anayekimbilia dirisha la gari na bahasha mkononi.

Njia ni ya lami kupitia Msambweni na Ramisi hadi mpakani, kisha lami tena hadi Tanga. Ukishavuka, kikomo cha mwendo vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani wa Tanzania hawana mzaha nacho. Beba pembetatu mbili za tahadhari na kizima moto. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo mwambie mgeni aitoe kwenye begi lake kabla. Kama ana dola za kulipia viza, ziwe noti mpya na safi. Zilizochakaa au za zamani hukataliwa.

Kama hamna haja ya kufika Tanga na gari, liacheni Lunga Lunga mahali salama. Mgeni atavuka kwa usafiri wa hapo, na utaepuka shughuli nzima ya forodha na bima.

Ikiwa siku zimeshapita

Hili ndilo swali gumu, na jibu lake ni fupi. Usimpeleke mpakani kwa matumaini. Kumbukumbu za kuingia ziko kwenye kompyuta, na afisa ataziona kabla ya kumaliza kusema "karibu". Kukaa nchini bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 500,000, kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inamgusa anayemhifadhi mtu anayejua kwamba amevunja sheria ya uhamiaji. Mwenye nyumba aliyeona mhuri umepitwa na wakati na akaendelea kupokea kodi kimya kimya hawezi kusema hayamhusu.

Njia nzuri ni mgeni mwenyewe kwenda ofisi ya uhamiaji, kwa hiari yake, na kueleza kilichotokea. Kama alikuwa amelazwa hospitalini, abebe karatasi za hospitali. Kama ni uzembe, aseme ni uzembe. Aliyekuja mwenyewe siku ya pili hatazamwi sawa na aliyekamatwa kwenye kizuizi cha barabarani mwezi wa nne.

Pasipoti kwenye bahasha

Kuna mpango mwingine unaozunguka, na huu hasa unawawinda vijana wetu wa boda boda na teksi. Mgeni hukaa hotelini. Pasipoti yake na pesa huwekwa ndani ya bahasha. Kijana hupewa nauli aipeleke "kwa mtu fulani mpakani" irudi na mihuri miwili. Kijana huona ni kazi rahisi. Hajui kwamba mihuri hiyo inasema uongo: inasema mtu alitoka nchini wakati hakutoka. Bahasha ikikamatwa, aliyeibeba ndiye aliye barabarani.

Pesa iliyo ndani ya bahasha nayo ina sheria yake. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu anayetoa na anayepokea kuwa wahalifu sawa, na kifungo chake kwa mtu binafsi kinaweza kufika miaka kumi. Ukiombwa hongo mpakani, au ukitumwa kuipeleka, unaweza kupiga simu ya bure ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, nambari 1551.

Kwa anayetaka kukaa kabisa

Wageni wengine si watalii tena. Ni sisi tu tunaoendelea kuwaita hivyo. Mtu anayevuka mpaka kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka wa tatu mfululizo ana makazi hapa, na afisa anayezigeuza kurasa za pasipoti yake analiona hilo mara moja. Mtu kama huyo yuko katika hatari ya kukataliwa kila anaporudi, hata kama hajawahi kupitisha siku.

Zipo njia zilizotengenezwa kwa ajili yake. Mwenye umri wa miaka 35 au zaidi, mwenye mapato ya uhakika kutoka nje yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka na asiyetaka ajira hapa, anaweza kuomba kibali cha daraja la K. Anayefanya kazi kwa kompyuta kwa mwajiri aliye nje ya Kenya amewekewa daraja la N tangu 2024. Aliyefunga ndoa na Mkenya ana mlango wake, na familia isichelewe kuutumia kwa sababu tu safari ya mpakani imezoeleka.

Kazi ndiyo inayowaponza wengi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya uhamiaji haikubaliani nao. Mtalii hapewi jembe siku ya tatu wala ya themanini. Hawezi kufundisha kupiga mbizi, kusimamia baa, wala kufundisha shuleni bila kibali cha kazi hiyo, hata ikiwa halipwi senti. Msimamizi wa shule au kituo cha watoto anayempokea mgeni mwema wa kujitolea aulize kwanza ana kibali gani. Mwajiri naye ana kosa lake, mbali na la mgeni.

Mapatano kabla ya kuwasha gari

Dereva akikubali safari, apatane na mgeni mambo matatu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. La kwanza, nani analipa ikiwa mgeni atakataliwa kutoka au kurudi. La pili, dereva atangoja kwa saa ngapi, na kila saa ya ziada ni pesa ngapi. La tatu, mizigo iliyobaki Diani itashikwa na nani ikiwa mgeni hatarudi siku hiyo.

Mgeni naye aache nakala ya pasipoti na ya bima yake ya safari kwa mwenye nyumba, pamoja na nambari ya simu ya mtu wake wa karibu. Siku ya safari achukue dawa zake za wiki nzima na nguo za kubadilisha, hata kama ameambiwa watarudi kabla ya magharibi.